Ng'ambo ya Ukuta

Swali ninaloulizwa zaidi na wasomaji, nikikutana nao harusini au kwenye boti ya Dar, ni hili: "Safari inayofuata wapi?" Mimi ndiye ninayehariri kurasa za safari za jarida hili. Miaka saba sasa nakuhimiza wewe na mwenzio mfunge mabegi, mtoke, mkaone wenzetu wanavyoishi. Nimekupa bei za tiketi, nimekwambia usiogope chakula usichokijua, na zaidi ya mara moja nimeandika kwamba asiyetembea hufungwa na kuta zake nne. Nilidhani najua ninachokisema.

Basi mara hii sina hoteli ya kukupendekezea. Nina kisa cha ukuta, sahani na mama yangu.

Nimezaliwa Darajani, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ambayo dirisha lake la jikoni linatazama paa la soko. Soko lile lilijengwa mwaka 1904, na nadhani tangu siku hiyo halijanyamaza. Kabla ya alfajiri wachukuzi wanashusha ndizi, kisha wanakuja watu wa samaki, kisha wauza mikate, na ikifika saa mbili hujui tena nani anamwita nani. Mama hakuwa na haja ya kushuka ngazi kununua kitu. Alikuwa na kikapu chake na kamba. Anamwita kijana wa chini, anakishusha kikiwa na pesa, kinapanda na nyanya, kotmiri, chenji, na habari za mtaa mzima juu yake. Aliyejifungua, aliyeachwa, aliyerudi kutoka Ulaya na mke wa huko, zote zilipanda kwa kamba ile.

Jina Darajani lina sababu yake. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioingia pale ilipo sasa Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, na maji yakijaa Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Upande wa pili wa maji ndiko walikoishi wengi wasiokuwa na nyumba za mawe: watumwa walioachwa huru, mafundi, wachukuzi, watu wa bara, watu wa Ngazija. Daraja ndilo lililounganisha pande mbili. Upande ule ukaitwa Ng'ambo na unaitwa hivyo mpaka leo, ingawa maji yalifukiwa enzi za Waingereza na daraja lenyewe hulioni. Lakini si unajua tena Kiswahili chetu: ng'ambo hiyohiyo ndiyo Ulaya, ndiyo Uarabuni, ndiyo kila mahali unakofika kwa kuvuka maji. Nilipokuwa mdogo bibi alisema "nakwenda ng'ambo" na baada ya saa moja amerudi na chungu kipya. Mjomba alisema maneno hayohayo, na hatukumwona kwa miaka kumi na moja.

Mume wangu ni mtoto wa Ng'ambo ile ya karibu. Amekulia kwenye majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ghorofa ya tano, watoto sita, maji ya kupandisha kwa ndoo. Mtu aliyelala miaka ishirini akisikia ndoa za watu watatu kupitia ukutani, usimcheke anapokwambia anachotaka duniani ni kimya.

Tukanunua kiwanja Chukwani mwaka 2013. Miaka sita tulijenga, tofali kwa tofali, mkopo kwa mkopo, na wewe uliyewahi kujenga ukiwa na mshahara unajua ninachosema. Kuna mwaka mzima tulikula dagaa ili tununue nondo. Tulihamia 2019. Bati za msauzi, jipsamu yenye taa ndogondogo, madirisha ya aluminiamu, tangi la lita 2,000, pavingi mpaka getini. Ndege zinapita juu ya paa zikienda kutua, na binti yetu anazijua kwa rangi za mikia. Tulipokuwa tukichora ramani niliomba kitu kimoja tu. Chumba cha chini, chenye choo chake na mlango mpana, karibu na jiko. Kwenye ramani fundi aliandika "wageni". Nikafuta, nikaandika "mama".

Mama alikuja kukiona. Akakaa kitandani, akafungua bomba, akalifunga. "Kizuri, mwanangu, Mungu akibariki. Lakini hapa shamba."

Kwa mtu wa Darajani, msomaji, chochote kilichopita uwanja wa Mnazi Mmoja ni shamba. Nilicheka. Nikampa muda.

Sasa tuje kwenye safari. Mwaka 2022 tuliomba viza ya Ulaya. Tulikuwa na zile pasipoti mpya za kielektroniki zilizoanza kutolewa mwaka 2018, shilingi 150,000 kila moja, zinang'aa. Tukapeleka taarifa za benki za miezi sita, barua za kazi, hati ya kiwanja, mpaka cheti cha ndoa. Ada ilikuwa yuro 80 kwa kichwa (leo ni 90), na ukikataliwa hairudi. Ubalozi mmoja, ambao sitautaja, ukatujibu kwa karatasi yenye kijisanduku kilichotiwa alama: hawana uhakika kwamba tutarudi kwetu. Mume wangu aliikunja karatasi ile mara nne, akaiweka kwenye droo ya soksi. Kilichomuuma haikuwa Ulaya. "Mtu hajawahi kuniona," alisema, "ameshajua mimi ni nani."

Naomba ukumbuke sentensi hiyo.

Januari 2023 tukaenda Muscat, kwa binamu yake mama ambaye sisi humwita Khalati. Aliondoka Unguja mwaka 1964, ana miaka kumi. Wakapitia Dubai, kisha wakahamia Oman kama wengi wenzao baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kiswahili chake ni kile cha zamani, safi, unatamani umrekodi. Muscat yenyewe nilikwishaielezea kwenye kurasa nne, na picha za Mutrah na za haluwa ikimiminwa, sitarudia. Kuna jambo moja sikuliandika.

Nyumba ya Khalati iko Seeb. Nyeupe, ghorofa mbili, ukuta umepita kimo cha mtu, magari matatu, viyoyozi vinavuma mchana kutwa. Jioni ya pili alianza kuniuliza habari za Darajani. Wauza mikate ya mofa bado wapo? Nani anakaa sasa kwenye nyumba ya mlango wa kijani? Nilimwonyesha picha za simu, akawa anazikuza kwa vidole anatafuta watu. Mimi kwa adabu nikamuuliza habari za majirani zake. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa kushoto. "Huyu simjui. Nafikiri ana mtoto anasoma Uingereza." Akanyoosha kulia. "Huyu mpya. Miaka minane." Kila Alhamisi anaendesha gari nusu saa kwenda kukaa na wanawake wenzake wanaozungumza Kiswahili. "Kule kwetu," akasema, "ukipiga chafya anakuombea dua mtu wa nyumba ya tatu."

Nilicheka na hapo pia. Niliiandika kwenye daftari kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri.

Tuliporudi Chukwani, hali yetu ilikuwa hivi. Kushoto kiwanja kitupu. Kulia, tangu 2020, familia moja ya wapangaji kutoka Kagera. Tulichokijua juu yao kingeenea kwenye tiketi ya daladala: gari nyeupe, watoto mapacha, mbwa, na kwaya kila Jumapili asubuhi. Tuliwaita "wabara wa pembeni". Mbara si tusi. Ni mtu wa bara, basi. Lakini kuna namna ya kulitamka neno hilo, na mimi na mume wangu, watu wawili wenye digrii na mihuri ya nchi tano kwenye pasipoti, tulikuwa tunalitamka kwa namna hiyo.

Mbwa ndiye aliyetugombanisha. Alikuwa anabweka saa tisa usiku, na mume wangu, mtoto wa Michenzani, alikuwa anahesabu. Oktoba akaleta tofali mia na themanini, akazipanga getini. Anaongeza kozi tatu za ukuta upande ule. Pesa? Pesa ni za akiba ya safari, zile tulizokuwa tunaweka kila mwezi kwa ajili ya Istanbul. Niliwaka. Tulirushiana maneno kwa wiki mbili, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mtoto, na unajua ugomvi wa sauti ya chini ndio mbaya kuliko wote. Siku moja akaniambia, "Wewe unataka kuona dunia. Mimi nataka kulala." Sikuwa na jibu. Tukaanza kukaa sebuleni kila mtu na simu yake, kila mtu na kochi lake.

Hapo ndipo mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ngazi za Darajani zilikuwa hatari kwake, kaka zangu wakakubaliana: aende Chukwani. Novemba, wiki ya tatu, mama yangu akalala kwa mara ya kwanza kwenye chumba kilichomngoja miaka minne.

Siku ya pili alikuwa amekaa uani, bandeji jichoni. Televisheni amekatazwa, hana la kufanya ila kusikiliza. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanacheka.

"Nani hawa?"

"Wabara fulani, mama."

"Hawana majina?"

Nikasema sijui. Alinigeukia na lile jicho moja, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniambia nipike vibibi. Nilipovipika akamwita mjukuu wake, akampa sahani, akamwambia, "Piga hodi, amkia, sema bibi yangu kakuleteeni."

Mtoto hakurudi. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Mimi tayari niko getini na viatu mguu mmoja. Mara wakatokea: binti yangu, mapacha wawili, na mama yao, ambaye nitamwita Mama Pacha kwa kuwa sijamwomba ruhusa ya kumtaja. Mikononi ana ile sahani yetu, imefunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwani kuna mlango wa kusimama? Karibu ndani."

Sahani ilikuwa imejaa senene. Kama hujawahi kuwaona, ni wadudu wa jamii ya panzi, na watu wa Kagera wanawasubiri msimu wake kama sisi tunavyosubiri maembe. Wanang'olewa mabawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi na kitunguu. Hawa walikuwa wametumwa na dada yake kutoka Bukoba kwenye ndoo ya plastiki. Mama akamshika mmoja, akamsogeza kwenye jicho zima.

"Hawa jamaa ya nzige?"

"Ndiyo mama, jamaa moja."

"Basi halali," akasema, akatia mdomoni. Alitafuna taratibu, kama fundi anayepima chumvi. "Kama dagaa wa kukaanga, ila huyu ana mafuta." Akachukua wa pili.

Mwanamke huyu, msomaji, hajawahi kufika mbali kuliko Dar es Salaam. Mimi, niliyekwambia kwa miaka saba usiogope chakula usichokijua, nilikula watatu huku nimefumba macho. Mume wangu, ambaye Muscat alikula nyama ya ngamia bila hata kuuliza, aliporudi kazini alisema ameshiba.

Ndani ya siku nne mama alikuwa anajua yote. Kwamba Mama Pacha ni mwalimu wa skuli, mumewe yuko hoteli moja ya kaskazini na hulala hukohuko siku nne kwa wiki. Kwamba mbwa waliletewa na tajiri wa mumewe kwa sababu mwanamke anabaki peke yake usiku. Kwamba mapacha walizaliwa kabla ya siku zao. Walikuwa wanakaa kwenye mkeka uani kwetu, mama ananyoosha miguu, Mama Pacha anamchambulia mchele kwa kuwa yeye haoni vizuri, na nikitoka kazini nawakuta wanazungumza kama watu waliosoma darasa moja.

Usiku wa siku ya tano mama aliniita chumbani.

"Mwezi wa sita, mtoto mmoja wa huyu alishikwa na degedege. Saa nane usiku. Mumewe hayupo, simu haina salio. Alikuja akabonyeza kengele yenu, anataka gari. Ulijua?"

Nilijua. Hiyo kengele naikumbuka. Tulikuwa tumelala, ikalia, mume wangu akawasha simu kuangalia kamera ya geti. Mwanamke, khanga kichwani, amebeba kitu begani. Akasema siku hizi wezi wanamtanguliza mwanamke ili ufungue. Nikasema, ngoja kidogo. Tukangoja. Ikalia mara ya pili. Tukaendelea kungoja, tumekaa kitandani na mwanga wa simu usoni, mpaka akaondoka kwenye picha. Kisha tukalala. Ndio ukweli wenyewe, tulilala.

"Alifikaje?" nikauliza.

"Kwa miguu mpaka barabarani. Akapata bodaboda."

Mtoto alipona, nilikuwa namwona kila siku anavuta mkia wa paka wetu. Lakini kulikuwa na kitu kimekaa kifuani ambacho hakikutaka kushuka. Nilikwenda kumweleza mume wangu. Sikumlaumu, sikuwa na haki hiyo. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Alinyamaza. Baadaye alitoka, akakaa barazani gizani, na safari hii mbwa alipobweka hakuhesabu.

Asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda. Nilimsikia anapiga hodi kwenye geti la jirani kwa mkono, si kwa kengele. Sijui alichosema kule ndani, na sijamuuliza mpaka leo. Alikaa karibu saa nzima. Aliporudi alinawa mikono, akachukua funguo za gari, akaniambia, "Wanafuga na kuku." Kisha akatoa kalamu, akaandika namba zetu zote mbili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akampa binti yetu azipeleke.

Ningependa kukwambia kwamba mama alibaki. Hakubaki. Siku ya kumi na mbili daktari alimtoa bandeji, na siku ya kumi na tatu alikuwa amekwisha funga kanga zake. Nililia, sitaficha; chumba kile ndicho nilichokijengea nyumba nzima. Nikamuuliza, mama, umepata rafiki, umepata uani, una choo chako, unarudi kwenye ngazi arobaini na moja kwa sababu gani? Alinijibu pasipo hasira.

"Hapa mutanipenda kwa kengele, mwanangu. Kule wakinisikia kimya tu watavunja mlango."

Sasa anakuja kila Ijumaa mchana, mume wangu anamfuata kwa gari, na Jumamosi asubuhi anarudi. Anasema anakuja kwa Mama Pacha. Tofali mia na themanini bado ziko getini. Binti yangu na mapacha wamezifanya duka, wanauziana majani ya mwembe. Mimi na mume wangu bado hatujakubaliana kuhusu mbwa. Lakini akiba haijaguswa, na Mama Pacha ametualika Bukoba, harusi ya mdogo wake: tuvuke kwenda Dar, tupande mpaka Mwanza, halafu meli ya usiku juu ya Ziwa Victoria. Istanbul imesogezwa mbele. Nilipompelekea mama habari, nilidhani atasema huko bara mbali. Alikuwa dirishani, anavuta kikapu.

"Ziwa hilo kubwa kiasi gani?"

Nikamwambia Unguja nzima ungeweza kuitia humo zaidi ya mara arobaini, na maji yake hayana chumvi. Aliacha kuvuta kamba.

"Na yanakupwa?"

"Hayakupwi, mama. Yapo vilevile siku zote."

Kikapu kilikuwa kinaning'inia katikati ya ukuta, kijana wa chini anatazama juu. Mama alifikiri.

"Sasa wanawake wa huko wanajuaje siku ya kwenda pwani? Kata tiketi tatu."